Komando: Abiria au Mzigo?

DEO: Tumeshaanza? Haya, karibuni. Da Mwana kanuna hapa, mnamjua, ukichelewa dakika kumi anakuhesabia ishirini.

MWANAIDI: Ishirini na tano. Na shati lina manyoya. Wasikilizaji, kaka Deo leo kakaa upande wa dirishani, nimemwomba mwenyewe.

DEO: Mliokuwa nasi mwezi uliopita mnajua nimechukua mbwa. Boerboel, ile mbegu kubwa ya Afrika Kusini. Ana miezi mitatu na nusu na kilo 20. Baba yake nilimwona kwa macho yangu, anapita kilo 70. Mimi nikaona jina linalomfaa ni Komando.

MWANAIDI: Waambie Komando anaogopa nini.

DEO: Tutafika huko.

MWANAIDI: Waambie sasa hivi.

DEO: Muuza kahawa.

MWANAIDI: (anacheka) Komando!

DEO: Si mtu, ni vile vikombe. Kach, kach, kach. Huyu kazaliwa shambani huko Kibaha ndani, kelele anazozijua ni jogoo na mvua kwenye bati. Unamleta Sinza: bodaboda zimetobolewa ekzosi, spika inapita inatangaza dawa ya panya, mende na kunguni, mtoto anaburuta dumu. Mbwa anapokea dunia wiki ya 3 mpaka kama ya 14. Ambacho hakukiona humo, baadaye anakitilia shaka. Huyu kanifikia mlango unakaribia kufungwa.

MWANAIDI: Unabaki upenyo?

DEO: Unabaki, ila inabidi upite ubavu. Sasa Jumanne ilikuwa siku ya chanjo ya tatu, pamoja na ya kichaa kwa kuwa ameshapita miezi mitatu. Nikaita bajaji, Sinza mpaka Mwenge, tukakubaliana 3,000. Imefika getini, ikapiga honi moja tu. Komando akalala chini, pwaa. Mkia katikati ya miguu, masikio yamebanwa kichwani kama yamegundishwa. Nikamnyanyua kidogo, nikaona pale alipokuwa kasimama, kwenye saruji ya kibaraza, nyayo nne za maji. Mbwa hutoka jasho miguuni. Nilikuwa nadhani ananifanyia jeuri, kumbe mwenzangu anaogopa kweli.

MWANAIDI: Masikini. Hapo hata mimi nimemhurumia.

DEO: Nikambeba, na mgongo wangu huu. Nikampakata. Dereva akageuka: "Braza, hapo ni 5,000. Mmekuwa wawili."

MWANAIDI: Yuko sawa.

DEO: Sawa vipi? Mbwa si abiria!

MWANAIDI: Ni nani basi?

DEO: Mzigo.

MWANAIDI: Mzigo unapumua?

DEO: Kuku anapumua, na anasafiri toka Singida kama mzigo.

MWANAIDI: Kuku yuko kwenye tenga, tenga liko kwenye keria. Huyo wako kakaa siti ya nyuma anaangalia barabara.

DEO: Kakaa mapajani! Na mtoto wa kupakatwa halipi nauli, muulize konda yeyote.

MWANAIDI: Ahaa, sasa si mzigo tena, amekuwa mtoto. Amua moja.

JUMA (kwenye mitambo): Mzigo.

MWANAIDI: Juma, hukuulizwa.

DEO: Turudi kwenye karatasi. Nimeandaa masomo matano leo. Somo la kwanza...

MWANAIDI: Ngoja, usinikimbie. Alipanda au alipandishwa? Sikiliza Kiswahili chenyewe. Abiria hupanda. Mzigo hupandishwa. Kama aliingia kwa miguu yake, toa 5,000 ya watu.

DEO: Nilimpandisha mimi.

MWANAIDI: Basi kesi umeshinda. Akifika kilo 70 utampandisha na winchi?

DEO: Ndiyo maana nina karatasi! Somo la kwanza ni umbali, na nililikosea wiki mbili nzima. Nilikuwa namvuta mpaka Barabara ya Shekilango azoee kwa nguvu, kama mtoto anavyotupwa baharini ajue kuogelea.

MWANAIDI: Tanga ndivyo tulivyojifunza.

DEO: Na wale ambao mpaka leo hawagusi bahari huwahesabu. Sasa hivi tunakaa ndani ya geti, mbali kabisa na barabara. Nina maini ya kuku yaliyochemshwa, vipande kama punje ya hindi. Pikipiki ikipita, kipande. Akila, tuko salama. Akiyakataa maini, ujue umemsogeza mno, rudi nyuma hatua kumi. Dakika tano, sita, basi, mbwa akapumzike. Na mbegu kubwa hizi usizitembeze kilomita nyingi ukidhani unazikomaza. Mifupa bado inakua mpaka kama mwaka na nusu, nyonga zitakuja kukudai.

MWANAIDI: Na muuza kahawa?

DEO: Nilimfuata. Mzee mmoja mtaratibu sana. Kila jioni nanunua vikombe viwili, sharti langu asimame kule kwenye nguzo ya umeme agonge vikombe polepole. Sharti lake, mbwa asisogelee birika.

MWANAIDI: Ana haki, akililamba ataliosha mara saba.

DEO: Na mara moja ni kwa udongo, kaniambia mwenyewe. Basi tulianzia kwenye nguzo, wiki hii tumefika kwenye mwembe wa jirani. Juzi mzee akachukua kipande cha ini kwangu, akamrushia.

MWANAIDI: Akala?

DEO: Akala!

MWANAIDI: Basi umemfundisha rushwa.

DEO: Jamani.

MWANAIDI: Sitanii. Shangazi yangu pale Chumbageni alikuwa na mbwa, Popi, mpole, anakula kwa kila mtu. Wezi walikuja na nyama. Asubuhi Popi yuko mlangoni, povu limekauka mdomoni, televisheni haipo. Mbwa wa geti anafungiwa bandani mchana, anafunguliwa usiku, na hamjui mtu zaidi ya anayempa ugali.

DEO: Popi hakuuawa na upole, kauawa na sumu. Wa bandani naye angeila, tena yeye ana njaa zaidi.

MWANAIDI: Wa bandani angebweka kwanza.

DEO: Wa bandani anabweka kila kitu, kwa hiyo hakuna anayeamka. Wangu akishazoea vikombe na pikipiki, siku akibweka saa nane usiku nitajua kuna jambo. Halafu, mbwa mwoga hakimbii siku zote. Akikosa pa kukimbilia anauma. Na atakayeumwa si mwizi, ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

MWANAIDI: Mtoto wa jirani hafuati mpira penye mbwa mkali.

DEO: Umejisikia ulichosema?

MWANAIDI: Nimejisikia na narudia. Watu wanaandika getini MBWA MKALI. Wewe utaandika nini? MBWA MPENDA MAINI?

DEO: Da Mwana, mimi nazungumzia mdomo unaoingia kichwa cha mtoto.

MWANAIDI: Na mimi nazungumzia nyumba iliyobaki tupu. Shangazi alikuwa amelala chumba cha pili.

DEO: Pole yake. Lakini muuza kahawa ataendelea kuja.

MWANAIDI: Na mimi nitaendelea kusema ni rushwa.

(Kimya.)

JUMA: Hiki kimya nikikate?

MWANAIDI: Kiache.

DEO: Juma ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili? Mbona tuko somo la kwanza!

JUMA: Wale wa kipindi cha ndoa wako mlangoni.

DEO: La pili basi, haraka. Kabla chanjo hazijakamilika, usimfungie ndani akakosa kuona mtaa. Mtoe, ila umbebe, asikanyage chini walipopita mbwa wengine, kwa sababu parvo, kile kirusi kinachoua watoto wa mbwa, inakaa kwenye udongo miezi na...

MWANAIDI: Nina swali la mwisho.

DEO: Da Mwana, karatasi yangu!

MWANAIDI: Utaisoma wiki ijayo. Mliporudi toka Mwenge. Alipanda au alipandishwa?

DEO: ...Miguu ya mbele alipanda mwenyewe.

MWANAIDI: Na ya nyuma?

DEO: Nilisukuma kidogo.

JUMA: Nusu nauli.

MWANAIDI: Ulilipa ngapi?

DEO: 4,000.