Namna ya Kupokea Wageni Wengi Nyumbani Siku ya Idi

Assalamu alaikum, watazamaji wetu, na karibuni. Leo tumo katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambako wageni 60 wanatarajiwa siku ya Idi. Upishi wa pilau hatutaufundisha hapa, kwani wapishi hodari mnao majumbani mwenu. Tutakalolionyesha ni mlango: nani anasimama pale, mgeni anapitishwa wapi, anaketi wapi, na kitu gani kinamfikia mkononi katika dakika kumi za mwanzo. Karamu nyingi nilizohudhuria zilikuwa na chakula kizuri sana, lakini mwenye nyumba alikuwa jikoni na upawa mkononi, na wageni walijipokea wenyewe.

Tuanze na usiku wa kuandama mwezi. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, nasi hatujui hadi mwezi utangazwe. Ndiyo maana matayarisho hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu visivyoharibika, yaani mchele, viungo, sukari, kahawa, makaa na udi, ambavyo utavinunua katika soko la Marikiti siku kadhaa kabla, wakati ambapo bado unaweza kuchagua bila ya kusukumwa. Fungu la pili ni nyama, maziwa, nyanya za kachumbari na barafu, na haya yangoje tangazo. Mwezi usipoonekana, utakuwa hukupoteza kitu.

Uangalie pia msimu. Idi ndogo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka: mwaka 2024 Kenya ilipumzika tarehe 10 Aprili, na mwaka 2025 tarehe 31 Machi. Hizo ni siku za joto kali hapa kwetu, kaskazi imeshalegea na kusi haijaingia sawasawa, na mvua ya masika inaweza kushuka ghafla juu ya mikeka uliyoitandika uani. Kwa hivyo funga turubai uani tangu jana yake, na feni zote zijaribiwe usiku huo, si asubuhi ya sikukuu.

Sasa mialiko. Usiwaite watu wote kwa wakati mmoja. Jamaa wa karibu waje baada ya sala ya adhuhuri, majirani na wenzako wa kazini waje baada ya alasiri. Wageni wanaovuka kivuko cha Likoni hawafiki mmoja mmoja. Hufika kundi zima kwa pamoja, kwa sababu feri moja imewashusha pamoja, na siku ya Idi foleni pale si ya kawaida. Ukiwa na jamaa wa ng'ambo hiyo, waachie nafasi ya saa nzima, wala usiwawekee wengine chakula mpaka kikapoa kwa kuwangojea.

Tusogee mlangoni. Tazama hapa chini kwanza, kwenye viatu. Wageni 60 wana viatu 120, na vyote vitavuliwa mahali pamoja. Mwaka mmoja sikulishughulikia jambo hili, na mama yangu mkubwa akarudi kwake na kiatu chake cha kushoto na cha kulia cha mtu mwingine, na hadi leo hajaacha kunikumbusha. Tandika mikeka miwili, mmoja upande wa wanaume na mmoja upande wa wanawake, na viatu vya watoto vitiwe ndani ya kikapu. Kijana mmoja wa nyumbani apewe kazi ya kuvigeuza viatu vielekee nje, ili mgeni anapotoka avikute vinamngoja.

Anayepokea awe mtu anayewajua wageni kwa majina na kwa ujamaa wao. Mgeni akipiga hodi, asiitikiwe kutoka ndani kwa sauti ya mbali. Mpokezi atoke hadi barazani, atoe mkono, amtakie Idi njema, kisha amwambie waziwazi anakokwenda. Kwa mfano: “Ami, shikamoo, Idi Mubarak. Karibu, baba yumo ukumbini, amekuwekea nafasi karibu na dirisha.” Kwa mzee, mpokezi anainama na kuubusu mkono. Neno ambalo nisingependa kulisikia mlangoni ni “keti popote”, kwa sababu mgeni anayeambiwa hivyo huketi karibu na mlango, na wote wanaofuata humruka miguu. Wanawake huongozwa na mwanamke hadi chumba cha ndani au uani, ambako wanaweza kuvua mabuibui na kustarehe.

Tunafika kwenye udi, na hapa naomba kamera isogee, kwa sababu wengi huukosea. Hiki ni chetezo, chombo cha kufukizia udi. Makaa yamewashwa nje, si ndani ya chumba, na hatutii udi mara tu yanapokuwa mekundu. Tunangoja mpaka uso wa kaa ufunikwe na jivu jeupe jembamba, ndipo tunapoweka kipande kimoja cha udi, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tazama moshi: ukipanda mwembamba na wa buluu, udi unafuka; ukiwa mzito na mweusi na ukanuka kama sukari iliyoungua, basi unaungua, nawe utoe kipande hicho kwa koleo, upunguze moto kwa kuunyunyizia jivu, kisha uanze tena. Chumba kifukizwe nusu saa kabla ya wageni, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yafunguliwe. Wageni wakishaketi, chetezo huzungushwa mara moja tu, na mwenye pumu haletewi. Muulize kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo hufuata maji baridi, kisha halua na kahawa. Halua huwekwa kwenye kisahani kidogo, vipande vidogo vidogo, kwa sababu utamu wake ndio unaopokea uchungu wa kahawa. Kahawa imiminwe kutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, ndani ya vikombe vidogo visivyo na mkono, nusu kikombe, na anayemimina aanzie kwa mkubwa wa umri, halafu afuate mduara bila ya kuruka mtu. Mgeni akikitikisa kikombe chake, ametosheka, usimlazimishe.

Kuhusu chakula nitasema machache. Sinia moja hulisha watu watano, kwa hivyo tunahitaji masinia 12, na kwa hesabu yangu kilo moja ya mchele hutosha watu wanane, basi kilo 8 zitatufikisha. Kabla sinia halijashuka, watu wawili wapite na birika, bakuli na taulo ili kila mtu anawe pale alipoketi. Nyama iwekwe katikati ya pilau, na kachumbari, ndizi na achari ziwe katika vyombo vya pembeni ili zisiloweshe wali. Ukiwa na mgeni asiyezoea kula kwa mkono, mwekee kijiko ubavuni mwake kimyakimya. Usimuulize mbele ya watu, kwani atakikataa kwa haya, kisha ahangaike.

Watoto nao ni wageni. Weka noti za shilingi 50 na 100 ndani ya bahasha tangu jana yake, mkono wa Idi usije ukageuka shughuli ya kutafuta chenji. Wape mapema, kwa sababu akili zao ziko kwenye bembea za uwanja wa Makadara, na mtoto aliyekwisha kupata mkono wake hatamvuta mamaye nguo chakula kikiendelea.

Mgeni anapoomba ruhusa, mpokezi yuleyule aliyemleta ndani ndiye amtoe. Mnyunyizie marashi kiganjani kwa mrashi, mpe chakula cha kumpelekea aliyebaki nyumbani, kisha msindikize hadi mwisho wa baraza, si hadi kizingitini tu. Wa mwisho akishaondoka, kitoe chetezo uani na uyamwagie makaa maji, hata kama yanaonekana yamezimika, kwani kaa lililolala chini ya jivu huweza kuunguza mkeka usiku ninyi mkiwa usingizini.