Pembe ya Bose juu ya Mapaa ya Malindi

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma.

Hiki nilichoshika ni kichwa cha dishi, mafundi wetu wanakiita LNB. Nimekibandua kifuniko. Kipitisheni mkononi mkitazame mdomo wake: ni kibomba cha chuma kinachopanuka kadiri kinavyotoka nje. Hiyo ni antena ya pembe. Aliyeitumia mapema, kabla redio haijawa biashara, ni Jagadish Chandra Bose, Mbengali aliyezaliwa 1858, mwalimu wa fizikia katika Presidency College mjini Calcutta. Walimwajiri 1885 kwa mshahara pungufu ya ule wa Mzungu mwenye kazi kama yake. Akafundisha miaka mitatu bila kugusa mshahara ule, mpaka alipolipwa haki yake yote. Mtu wa msimamo, na msimamo huo utauona hata katika vyombo vyake.

Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Kijerumani, alikwisha kuthibitisha mawimbi ya redio mwaka 1888, lakini vioo vyake vya bati vilikuwa virefu kupita mtu, kwa kuwa mawimbi yenyewe yalikuwa marefu. Bose alitaka kuyapinda na kuyachuja kama mwanga. Basi akayafupisha hadi milimita 5. Pigeni hesabu: wimbi huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ukigawa kwa milimita 5 unapata mitikisiko bilioni 60 kila sekunde, yaani gigahezi 60. Hapo maabara nzima ikaenea mezani.

Wimbi fupi hivyo unaweza kulipitisha ndani ya bomba. Taabu iko kwenye mdomo: bomba likikatika ghafla, sehemu ya wimbi hugonga hewa na kurudi ndani. Mmeiona siwa, lile baragumu la sherehe, kwenye Makumbusho ya Lamu? Ule mpanuko wa mdomo wake ndio unaoitoa sauti nje ikafika mbali. Bose aliupanua mdomo wa bomba vivyo hivyo, na upande wa kupokea pembe hiyo ikawa ya kukusanya mawimbi. Mwaka 1895 huko Calcutta alipiga kengele na kulipua baruti kwa mawimbi yaliyopenya kuta, na Januari 1897 akavionyesha vyombo vyake Royal Institution, London.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kitabu cha ratiba za treni. Alipachika karatasi za bati jembamba baina ya kurasa, akakiweka njiani mwa mawimbi. Kikikaa hivi, yanapita. Ukikizungusha robo duara, yanazuiwa. Hata nyuzi za jute, zile za magunia, zilizosokotwa alizitumia kupindisha mwelekeo wa mawimbi. Fundi anapokuwa juu ya paa akizungusha LNB kidogo kidogo huku mtu ndani anapiga kelele "bado, bado, hapo hapo!", ni jambo lilo hilo: wimbi hutikisika ama wima ama mlalo, nacho chombo lazima kielekee sawa nalo.

Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, setilaiti nyingi za runinga ziko karibu na utosi, ndiyo maana madishi yetu yamelala chali hadi maji ya mvua yanatuama. Na pale Ngomeni, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini, kuna kituo cha Waitalia kilichopokea data za darubini ya angani ya Swift. Dishi peke yake ni kioo tu, kazi yake kukusanya. Kinachopokea kiko mbele yake, na kwa kawaida ni pembe.

Mtauliza, mbona redio ikizungumzwa Marconi, yule Mwitalia, ndiye anayetajwa? Marconi alitaka kuvuka bahari, akatumia mawimbi marefu. Ya gigahezi 60 hayafiki mbali, oksijeni ya hewani inayanyonya. Na Bose hakupenda hataza, ile haki ya kumiliki uvumbuzi; rafiki zake ndio waliomhimiza kuomba ile ya Marekani, aliyopewa 1904, ya kipokezi cha galena, jiwe la madini ya risasi. Naona tumemlipa kidogo mno kwa ukarimu huo. Leo masafa yale yale yanatumika kuunganisha vifaa vilivyo chumba kimoja, kwa sababu hiyo hiyo ya kutofika mbali: jirani hamwingilii jirani.

Haya, kijana, njoo mezani ushike hiki kichwa, tukizungushe mbele ya runinga.