Caudata au Urodela? Majina Mawili ya Kundi la Salamanda

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu.

Chukueni vitabu viwili vya zoolojia. Kimoja kitawaambia salamanda, yaani amfibia wenye mkia, wako kwenye oda (ngazi ya uainishaji iliyo juu ya familia) ya Caudata, kingine kitasema Urodela. Mwanafunzi hudhani kimojawapo kimekosea. Hapana. Majina yote mawili ni halali, na yote yanataja mkia: la kwanza kwa Kilatini, la pili kwa Kigiriki. Nyuti, wale salamanda wanaorudi majini kuzaliana, nao wamo humo humo, ndani ya familia ya Salamandridae. Kila nyuti ni salamanda.

Kundi hili lilichelewa kutambuliwa. Mwaka 1758 Linnaeus, Mswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama, alimwandika salamanda wa Ulaya kama Lacerta salamandra, jenasi moja na mijusi, kwa kuwa ana miguu minne na mkia. Mtaalamu mwingine, Laurenti, akamtoa humo mwaka 1768. Katika miaka hiyo hiyo ya 1760, Linnaeus aliletewa kutoka Carolina Kusini mnyama mrefu kama mkunga, mwenye matamvua na miguu miwili tu ya mbele. Ndiye siren. Linnaeus hakuona pa kumweka, akamtungia oda yake peke yake, Meantes. Leo siren ni salamanda kama wengine, lakini ilichukua muda mrefu sana wataalamu kukubaliana hivyo.

Urodela linatokana na Mfaransa Duméril, mwaka 1806. Caudata hunasibishwa na Fischer von Waldheim, 1813, ingawa wapo wanaomtaja Scopoli, 1777. Mtauliza: si lililotangulia ndilo lishinde? Kwa spishi, jenasi na familia, ndiyo. Lakini kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama haitawali ngazi zilizo juu ya kundi la familia. Kwenye oda hakuna hakimu, kuna mazoea tu. Orodha kubwa za amfibia duniani zinatumia Caudata. Wataalamu wa viinitete na wa kuota upya kwa viungo wamezoea Urodela.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo jambo lenyewe lilipo. Huko Kazakhstan kulipatikana kisukuku (mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe) cha enzi ya Jurasiki, zama za dinosauri, Karaurus, kilichopewa jina mwaka 1978. Ukikitazama ni salamanda kabisa. Hata hivyo wachambuzi wengi wanaona ukoo wake ulijitenga kabla ya babu wa pamoja wa salamanda wote walio hai. Tumwite nini? Wanapaleontolojia wengi wakagawa kazi: Urodela ni babu huyo na wazao wake wote, Caudata ni kundi pana zaidi, linalobeba pia jamaa wa kale kama Karaurus. Mgawanyo huu naupenda, kwa sababu unayapa majina mawili kazi mbili. Tatizo ni kwamba wapo waliougeuza, na wapo wasioutumia kabisa. Kwa hiyo ukiandika tasnifu, eleza katika ukurasa wa kwanza unakusudia nini. Sentensi moja inatosha.

Na unapotafuta makala, tafuta kwa majina yote mawili. Ukiandika Caudata peke yake, utapitwa na kazi nyingi za maabara. Hata jenasi zina mtego huo: jaribio mashuhuri la viinitete la Spemann na Mangold la mwaka 1924 lilifanywa kwa nyuti walioitwa Triton, jina ambalo tayari lilikuwa la mnyama mwingine wa baharini, hivyo halitumiki tena kwa nyuti.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna salamanda. Tuna vyura, na wale amfibia wasio na miguu wanaojichimbia udongoni, kama wa milima ya Usambara. Salamanda wa Afrika wako Moroko, Algeria na Tunisia. Lakini zamani za Kretasia, enzi iliyofuata Jurasiki, walikuwapo Sudan: mwaka 1996 visukuku vyao vilipewa jina Kababisha, vikahusishwa na siren wa Marekani. Anayekubali undugu huo atawaita Urodela bila wasiwasi. Anayeutilia shaka afadhali aseme Caudata, asubiri mifupa zaidi.

Nakaribisha maswali.