Sifuri ya Mtoki

BEKA: Wasikilizaji, mwenzangu leo ameingia amenuna. Hata salamu sijapata.

ZUHURA: Nimekusalimia.

BEKA: Umeguna, Zuhura.

ZUHURA: Haya, niacheni nitapike. Jumatano tulikuwa na mtihani wa vitendo wa anatomia. Pini zimechomekwa kwenye masanamu, kila pini dakika moja, kengele ikilia unasogea. Pini ya saba iko kinenani, kwenye vile vipunje vya kijani. Navijua! Nimevikesha. Jina likapotea. Kengele inakaribia kulia, mkono ukaandika wenyewe: mtoki.

BEKA: (anacheka) Wallahi?

ZUHURA: Sifuri. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, alama ya kuuliza. Mwalimu hakuandika neno.

BEKA: Hiyo alama ya kuuliza inauma kuliko sifuri.

ZUHURA: Alitaka tezi za limfu za kinena. Sasa wewe si mwalimu wa Kiswahili? Nimekosa nini?

BEKA: Umekosa. Mtoki ni uvimbe. Umechomwa na mwiba, kidonda kimeoza, kinena kikavimba, ule uvimbe ndio mtoki. Sanamu lile lilikuwa na kidonda?

ZUHURA: Watu wanasema "mtoki wangu umevimba". Kama umevimba, basi ulikuwepo kabla haujavimba.

BEKA: Na jipu likivimba, lilikuwepo?

ZUHURA: Jipu si kiungo!

BEKA: Na mtoki si kiungo. Hiyo ndiyo hoja yangu.

ZUHURA: Wewe una mdomo wa kuongelea mtoki? Waliotusikiliza tangu mwanzo wanaukumbuka ule msumari.

BEKA: Msumari tuuache.

ZUHURA: Ndondo, Beka peku, anakosa penalti, anasema kakanyaga msumari.

BEKA: Nilikanyaga kweli! Mguu wa kulia. Siku ya tatu natembea kama nimebeba tikiti maji mapajani. Nikaenda kwa bibi Pangani. Sasa sikiliza, hili nilitaka nikuulize. Namwambia bibi, kinena kinaniuma. Hakukitazama kabisa. Akasema, "Lete mguu."

ZUHURA: Bibi angefaulu pini ya saba.

BEKA: Alijuaje?

ZUHURA: Maji ya mwili yana njia zake. Damu ikipita kwenye vimishipa vidogo, maji yanachuruzika nje, mengi yanarudi. Yanabaki kama lita 3 kwa siku, na hayo ndiyo yanaokotwa na mishipa ya limfu. Ya mguuni yanapanda hadi kinenani, yanachujwa. Vijidudu vya msumari wako vimenaswa pale, askari wa mwili wamezaliana kupigana navyo, pakavimba. Ndiyo maana bibi akauliza mguu. Ungevimba kwapa, angeuliza mkono.

BEKA: Na yanapandishwa na nini? Moyo?

ZUHURA: Limfu haina moyo. Misuli ikijikaza inaibana mishipa, ukivuta pumzi inavutwa, na ndani mna vali zinazuia isirudi chini. Minyoo ya matende, ile inayoletwa na mbu, inakaa humohumo kwenye mishipa. Ikiiharibu, maji hayapandi tena vizuri. Mguu unakuwa ule tunaoujua sisi watu wa Pwani.

BEKA: Hilo hatuhitaji sanamu.

ZUHURA: Sasa kitu kilichonishangaza. Maji ya mguu wako wa kulia yanaishia wapi?

BEKA: Bega la kulia.

ZUHURA: La kushoto! Miguu yote miwili, tumbo lote, na upande wote wa kushoto, vinaingia kwenye mfereji mmoja unaopanda kifuani na kumwaga kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, chini ya shingo, kushoto. Upande wa kulia unapokea mkono wa kulia, na nusu ya kichwa na ya kifua tu.

BEKA: Kwa hiyo penalti ilipotea kwa sababu mguu wa kulia unategemea kushoto.

ZUHURA: Penalti ilitangulia msumari, Beka! Mashahidi wapo!

BEKA: Turudi kwenye sifuri. Bado mwalimu wako yuko sahihi.

ZUHURA: Hata yeye kakosea basi. Tezi kazi yake kutoa: ya mate inatoa mate, ya jasho inatoa jasho. Hizi zinachuja. Vitabu vya Kiingereza vyenyewe siku hizi vimeliacha neno tezi kwa kitu hiki, vinasema kama fundo. Mbona tezi ipate alama, mtoki ukose?

BEKA: Kwa sababu tezi ni jina la kitu, na mtoki ni jina la shida ya hicho kitu. Hujajibu jipu.

ZUHURA: Nimejibu.

BEKA: Umepandisha sauti, hujajibu.

ZUHURA: Mimi nakwenda kukata rufaa. Na nitaandika mtoki tena.

BEKA: Na mimi ningekupa sifuri tena, dada yangu.

ZUHURA: ...

BEKA: Umenuna tena.

ZUHURA: Tuliahidi mbinu tatu za kukariri mfumo wa limfu. Nimeziandika hapa. Ya kwanza, chora mwili, kisha paka rangi ile robo ya juu kulia —

BEKA: Adhana hiyo. Magharibi.

ZUHURA: Bandama hatujaigusa! Wala mafindofindo!

BEKA: Zima, zima. Wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tunamleta kipa.