Miche ya maboga: namna ya kuitoa kwenye kavera bila kuiua

Habari zenu jamani, karibuni tena shambani kwetu, Busia upande wa Uganda. Mkisikia honi msishangae, malori ya mpakani hayalali. Simu ameshika mpwa wangu, kwa hiyo picha ikitikisika msinilaumu mimi.

Leo tunahamisha miche ya maboga kutoka kitaluni, ile iliyooteshwa kwenye kavera, yaani vifuko vya plastiki. Mvua za Machi zimeshika, udongo umelowa mpaka chini. Saa hizi ni saa kumi na moja jioni. Mche uliopandwa saa tano asubuhi unakutana na jua kabla haujajua umefika wapi.

Mashimo nilichimba wiki iliyopita. Upana futi moja na nusu, kina futi moja, ndani karai moja la samadi iliyochanganywa na udongo wa juu. Samadi iwe imeoza. Ingiza mkono katikati ya rundo. Ukisikia joto, bado, hiyo itaunguza mizizi. Shimo hadi shimo mita 2, maana boga likianza kutambaa halina adabu. Mamumunye na zukini ile isiyotambaa, mita 1 yatosha. Tuendelee.

Miche yenyewe. Mimi ninaiuza, nasema wazi, kwa hiyo nikikwambia usichukue mkubwa, nisikilize, maana najiharibia biashara. Wateja wakifika hapa wanakimbilia ule mrefu uliokwisha kutoa vikamba vya kujishikilia. Achana nao! Chukua huu mfupi. Baba, sogeza simu. Haya mawili ya chini, manene na laini, ni majani ya mbegu. Juu yake kuna majani mawili ya kweli, yale yenye vinyweleo. Mawili au matatu, basi. Huu una kama wiki mbili na nusu, na wiki ya mwisho nimeuondolea kivuli kidogo kidogo ulizoee jua.

Sasa hapa ndipo nataka utulie. Kama unapika, epua kwanza.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda miche arobaini asubuhi moja. Nikaishika shingo, nikaivuta kwenye kavera kama mtu anayeng'oa karanga. Siku ya tatu ilikuwa imelala chini kama nguo zilizodondoka kwenye kamba. Ikapona sita. Nyanya unaweza kuisumbua, sukuma wiki pia, itanuna kidogo halafu itainuka. Boga haliko hivyo. Mizizi yake ikikatika, inachelewa sana kuota mingine, na yale majani mapana yanaendelea kudai maji.

Kwa hiyo: usishike shina. Mche unabebwa kwa bonge lake la udongo, kutoka chini, kama unavyobeba yai.

Maji ulimwagia saa moja au mbili kabla, siyo sasa hivi. Chukua wembe, kata kitako cha kavera chote, zunguka. Kiganja kiwe chini. Shusha taratibu mpaka ukae shimoni. Ukishakaa, ndipo unachana kavera ubavuni, unarudisha udongo kidogo kulishikilia bonge, halafu unavuta kavera juu. Hivi... polepole... imetoka. Na hilo kavera litoke shambani, usilifukie, mizizi haina meno.

Wa pili. Nakata kitako, nashusha... Aa! Umeona? Bonge limemeguka lote. Usikate hapo, baba, waache waone. Huu ni ule niliomwagia maji dakika tano zilizopita nikiwa napiga soga na nyinyi. Udongo umekuwa uji. Nitaupanda kule pembeni lakini siuhesabu. Narudia: maji mapema, na shina halishikwi. Hata likikuangalia kwa huruma, usilishike.

Mimi mwenyewe napenda zaidi kuotesha kwenye vikopo vya magamba makavu ya mgomba, yale Waganda wanayaita ebyayi. Havinunuliwi, na unapanda pamoja na kikopo chake. Unakifungua kitako tu. Ila ukingo wake usibaki juu ya udongo, unakauka na kunyonya maji yaliyo chini. Uchane au uufukie.

Udongo uishie pale pale ulipoishia kwenye kavera. Bonyeza kwa vidole. Kuna jirani yangu hukanyaga kwa kisigino, kisha anakuja kuniuliza kwa nini miche yangu ni dhaifu. Mzee, miche haina shida, viatu ndivyo.

Halafu maji, lita moja na nusu hivi, pole... Ngoja. Baba, njoo hapa, karibu kabisa. Mnamwona? Huyu wa kijivu aliyejikunja ni sota, kiwavi. Mchana analala kwenye udongo, usiku anakata shina kama mkasi, na hata hali mche wote, anakata tu anaondoka. Ukikuta mche umelala asubuhi, chimbua hapo hapo karibu na shina, utampata. Mimi nakata chupa ya plastiki iwe kama bangili pana, nauvalisha mche, nasukuma chini sentimita 3. Huyu wa leo anakwenda kwa kuku, ambao... shuu! Shuu! Nani ameacha geti wazi? Wanapekua mashimo yangu! Shikilia simu, narudi.

Haya. Majani makavu ya mgomba tandaza kuzunguka, yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja. Kivuli cha tawi upande wa magharibi, siku tatu nne. Mchana majani yatalegea, usikimbilie ndoo. Uangalie alfajiri, ukikuta bado yamelegea, hapo ndipo kuna tatizo.

Na mboga ya majani yake, msianze kuchuma. Najua essunsa na karanga ni tamu, na wenzetu ng'ambo ya mpaka wanaita seveve, ni hiyo hiyo. Subiri mmea utambae kwanza. Maua ya mwanzo yakidondoka bila kuacha boga, msinipigie simu usiku: hayo ni ya dume, hutangulia. La kike lina kiboga kidogo nyuma yake.

Nimebakiza mashimo kumi na moja na giza linaingia. Baba, zima, uje unishikie wembe.