Chupa Iliyobanwa Mapajani: Mhadhara kwa Wanaoanza Tasnifu za Usanifu

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaoingia mwaka wa tasnifu, habari za asubuhi.

Nianze na aibu yangu. Nilipotetea tasnifu yangu, mtahini mmoja aliichukua modeli yangu, akaigeuza juu chini, kisha akauliza: "Umefikaje hapa?" Nikababaika. Modeli za awali, zile zilizopinda na zilizovunjika, nilikuwa nimezitupa wiki moja kabla ili meza yangu ipendeze. Nilitupa utafiti, nikabaki na pambo.

Wengi wenu mnadhani utafiti ni ile miezi ya kusoma, na kuchora kunafuata baadaye. Mwaka 1993 Christopher Frayling, wa Royal College of Art ya London, alitenganisha mambo matatu: utafiti kuhusu usanifu, utafiti kwa ajili ya usanifu, na utafiti kupitia usanifu. Wa kwanza na wa pili hauna kelele. Huu wa tatu ndio unaowatoa watu jasho, maana ndani yake kutengeneza ndiko kuuliza. Unakata kadibodi ili ujue jambo ambalo hukulijua kabla ya kuikata. Mchoraji Harry Beck alipochora upya ramani ya reli za chini ya ardhi za London mwaka 1931, aliacha umbali halisi, akatumia mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari tu. Wenye reli aliowapelekea wakaikataa kwanza. Mwaka 1933 ikachapwa kwa umma. Mchoro ule ulikuwa swali: abiria aliye chini ya ardhi anataka kujua umbali, au mahali pa kubadilishia treni?

Basi, tuone swali la namna hiyo linavyopatikana. Mwanafunzi mmoja aliniletea mada: "Usanifu jumuishi kwa wazee." Nikamwambia, mwanangu, hili si swali, hii ni wizara. Nikamtuma akakae na mzee mmoja tu, kwa ridhaa yake, amtazame akifungua chupa ya dawa, ile ambayo kifuniko chake lazima ukibonyeze huku unakizungusha.

Alirudi na ukurasa mmoja. Bibi yule, wa miaka 80 na ushei, hakutumia vidole kabisa. Aliibana chupa mapajani, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakilalia kwa uzito wa mwili, akazungusha kwa bega. Kikafunguka mara ya tatu. Halafu, na hili mwanafunzi aliliandika pembezoni kama jambo dogo, hakukifunga tena. Alikiegesha tu.

Hapo nikaruka kitini. Kifuniko kilichobuniwa kumzuia mtoto kinakaa wazi mchana kutwa! Swali likazaliwa: je, kifuniko kinaweza kumtofautisha mtu mzima na mtoto kwa kitu kingine kisichokuwa nguvu ya vidole? Hilo unaweza kulikatia kadibodi kesho asubuhi. Hojaji ya watu mia isingelileta, kwa sababu ukimwuliza bibi kama anafunga dawa zake, atakujibu anafunga.

Ndipo akaenda maktaba, na sasa alisoma kama mtu anayetafuta funguo zake. Akakuta kwamba Marekani, iliyotunga sheria ya vifungashio hivi mwaka 1970, huvipima kwa makundi mawili: watoto wadogo, ambao walio wengi wanapaswa kushindwa, na watu wazima wa miaka 50 hadi 70, ambao walio wengi wanapaswa kuweza. Bibi yetu hayumo katika kundi lolote. Mnaohangaika kuandika sehemu ya pengo la utafiti, pengo ndilo hilo.

Modeli zilifika saba. Ya tatu ilikuwa na mabawa mawili ya kusukuma kwa kiganja, ikapendeza sana kwenye picha. Bibi alipoisukuma, chupa nzima iliteleza mezani na kuanguka. Kumbe nusu ya tatizo ilikuwa kwenye kitako. Ndiyo maana aliibana mapajani tangu siku ya kwanza, na sisi tuliona tukapita. Donald Schön, mwanafalsafa wa Marekani, alieleza mwaka 1983 jinsi msanifu anavyozungumza na hali iliyo mbele yake, nayo ikamjibu. Chupa ile ilijibu kwa kishindo.

Daftari msilifanye albamu. Kwa kila modeli andika tarehe, ulichotarajia kabla ya kujaribu, na kilichotokea. Ulichotarajia kiandikwe kabla, tafadhali. Baada ya jaribio kila mtu ni nabii. Uzuri wa mwandiko hauna maksi.

Mwanafunzi mwenyewe amenikubalia nije na modeli zake zote saba. Naanza kuipitisha hiyo ya tatu, yenye ufa ubavuni. Ishikeni kwa kiganja, bila vidole, kisha mpe aliye nyuma yako.