Openbox kwenye kompyuta ya RAM GB 2: kazi zinazorudi mikononi mwako

Habari za jioni, ndugu zangu, na karibuni. Wengi mlioketi humu mna steshenari hapa Mwanza: Makoroboi, Igoma, Buzuruga, na wengine kule karibu na mwalo wa Kirumba. Mashine zenu ni za mtumba, RAM GB 2, diski ya kuzunguka. Mteja anakuja na flashi yake, barua ni ya ukurasa mmoja, na mnasubiri wote wawili. Leo tuiondoe GNOME, yaani eneo-kazi zima la Linux, tubaki na meneja madirisha peke yake, Openbox.

Meneja madirisha huchora fremu za madirisha, huyasogeza, huyafunga, na husikiliza kibodi. Basi. GNOME hufanya hayo, halafu hushughulikia wifi, hupandisha sauti, hufungua flashi na kulinda betri, kimyakimya. Meli ya Bukoba ina mtu wa kila kazi. Kwenye mtumbwi, maji yakiingia unayachota mwenyewe. Wanaoikimbia Openbox baada ya siku mbili hawakukosea kuiweka. Hawakuambiwa ni kazi zipi zimebaki bila mtu.

Kwa nini Openbox na siyo i3? i3 nayo ni meneja madirisha, ila hupanga madirisha yenyewe na huendeshwa kwa kibodi. Kwa mwandishi wa programu ni nzuri mno, ila msaidizi mpya dukani atapotea. IceWM, meneja mwingine, huja na menyu na mwambaa wake tayari, kwa hiyo asiyetaka kazi nyingi aichukue bila aibu. Openbox ilitoa toleo 3.6.1 mwaka 2015 na haijabadilika, ndiyo maana maelekezo ya zamani bado yanafanya kazi. Inategemea X11, mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Mtakaohamia Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo, itazameni labwc.

Tuchukue Linux ya Debian 12. Wakati wa kusakinisha, acheni nenosiri la root (msimamizi wa mashine) wazi, la sivyo `sudo`, amri ya kuazima ruhusa zake, haitakuwepo. Kwenye orodha ya mazingira, ondoeni alama zote isipokuwa ya zana za kawaida za mfumo. Mashine ikiwaka:

`sudo apt install xorg openbox lightdm tint2 pcmanfm gvfs-backends lxterminal network-manager-gnome lxpolkit xfce4-power-manager pulseaudio feh firefox-esr`

`mkdir -p ~/.config/openbox`

`cp /etc/xdg/openbox/* ~/.config/openbox/`

Sasa fungueni faili la `autostart` lililonakiliwa humo, lenye programu za kuwashwa unapoingia, muandike:

`tint2 &`
`nm-applet &`
`lxpolkit &`
`pcmanfm -d &`
`xfce4-power-manager &`
`feh --bg-fill ~/ziwa.jpg &`

Kila mstari hapa ni kibarua mmoja aliyeondoka na GNOME. tint2 ni mwambaa wa chini, nm-applet ni ya wifi, lxpolkit huomba nenosiri programu inapotaka ruhusa, `pcmanfm -d` hupokea flashi, feh huweka picha ya nyuma ya skrini. Ile alama ya `&` mwishoni ndiyo inayosahaulika. Ikikosekana kwenye mstari wa tint2, faili linasimama pale likisubiri tint2 ifungwe, na chini yake hakuna kinachowaka. Utaona mwambaa upo lakini wifi haipo, utaanza kulaumu kadi ya wifi bure.

Na wifi ina mtego wake mwingine. Uliyoitumia wakati wa kusakinisha bila eneo-kazi, Debian iliiandika kwenye `/etc/network/interfaces`, na NetworkManager, programu inayoshughulikia wifi, haigusi kifaa kilichoandikwa humo. Weka `#` mbele ya mistari ya wifi tu, mistari ya `lo` uiache, kisha washa mashine upya.

Vitufe vya sauti vinawekwa kwenye `rc.xml`, faili la mipangilio ya Openbox kwenye folda ileile, ndani ya `<keyboard>`:

`<keybind key="XF86AudioRaiseVolume"><action name="Execute"><command>pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ +5%</command></action></keybind>`

Cha kupunguza ni hichohicho, `XF86AudioLowerVolume` na `-5%`. Ukiacha lebo moja bila kuifunga, Openbox italalamika kuhusu XML. Kagua kwanza kwa `xmllint --noout rc.xml` (kifurushi chake ni `libxml2-utils`), halafu `openbox --reconfigure`. Amri hiyo haisomi `autostart` upya. Kwa hilo lazima utoke na kuingia tena.

Betri msiipuuze, umeme wetu mnaujua. Bila xfce4-power-manager laptopu haitalala chaji ikiisha, itazimika tu, na barua ya mteja imekwenda. Betri kuukuu huanguka ghafla kutoka asilimia za juu, kwa hiyo wekeni kiwango cha hatari kwenye 20 badala ya 5.

Niseme ukweli kuhusu kivinjari. Openbox inakurudishia RAM iliyokuwa ikiliwa na eneo-kazi, lakini haimpunguzii Firefox hata kidogo. Kurasa sita wazi zitaijaza GB 2 vilevile. Hapo sakinisha `zram-tools`, kwenye `/etc/default/zramswap` andika `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Data inabanwa ndani ya RAM kabla ya kukimbilia diski, na diski ya kuzunguka ndiyo inayoua mwendo.

Mkimaliza, ingieni upya mjaribu wifi, flashi, sauti, kisha chomoeni chaja. Kisipojibu kimoja, rudini kwenye `autostart`, au `rc.xml` kwa sauti, mtafute mstari wake. Wenye mashine hapa, zileteni mbele tuanze na wifi.